Maswali ya Wasomaji: Namba ya krosova nyuma ya spika za zamani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka mkoa wa Tanga zinauliza habari za spika za nyumbani za miaka ya 1960 na 1970, na karibu zote zinagusa namba ya krosova iliyoandikwa nyuma ya boksi. Nimezijibu pamoja kwa kuwa jibu la moja linafungua nyingine, na barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndiyo yenye msingi wa mambo yote. Ili tusichanganyane, kasha zima la mbao nitaliita boksi, na kila kimoja kati ya vitoa sauti vilivyomo ndani yake nitakiita spika.

*Ndugu Mwandishi, salaam. Marehemu baba alikuwa baharia, na miaka ya 1970 alirudi na maboksi mawili makubwa ya spika ambayo hadi leo tunayatumia sebuleni. Nyuma kuna kibati kinachosema kwamba ukinzani ni omu 8 na krosova ni 1500 Hz na 6000 Hz. Fundi mmoja ameniambia kuwa maana yake ni kwamba hayawezi kutoa sauti yoyote iliyo juu ya 6000 Hz, kwa hiyo yamepitwa na wakati na ni bora niyauze. Je, ni kweli? — Msomaji, Chumbageni*

Si kweli, na ninakuomba usiyauze kwa sababu hiyo. Namba hizo mbili hazitaji mwisho wa uwezo wa maboksi yako. Zinataja mahali ambapo kazi inatoka kwa spika moja na kupokewa na nyingine ndani ya boksi lile lile. Ukiondoa kitambaa cha mbele utakuta spika tatu: kubwa ya besi, ya kati, na ile ndogo ya sauti nyembamba ambayo mafundi wetu huiita twita. Amplifaya hupeleka muziki wote kwa pamoja, na krosova, yaani mkusanyiko mdogo wa kapasita, koili na pengine rizista uliofungwa ndani ya boksi, ndiyo inayougawa. Mitetemo iliyo chini ya 1500 kwa sekunde (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na idadi hiyo ndiyo tunayoiita masafa) inaachiwa spika ya besi, iliyo kati ya 1500 na 6000 inakwenda kwa spika ya kati, na iliyo juu ya 6000 inakwenda kwa twita, ambayo huendelea nayo hadi inapofika kikomo chake yenyewe. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia karibu 20 Hz hadi karibu 20,000 Hz. Maana yake ni kwamba kazi ya twita yako inaanza pale pale ambapo fundi wako alidhani boksi zima limekoma.

Huenda ukajiuliza kwa nini watengenezaji hawakutumia spika moja ikafanya kazi yote. Sababu kubwa iko katika urefu wa mawimbi. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, na katika joto la pwani yetu huzidi hapo kidogo, kwa hiyo wimbi la 100 Hz lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, ilhali wimbi la 10,000 Hz lina urefu wa karibu sentimita tatu na nusu tu. Spika ya besi haina budi kuwa pana ili isukume hewa ya kutosha, lakini upana huo huo unakuwa kikwazo masafa yanapopanda. Pale wimbi linapokuwa fupi kuliko upana wa karatasi ya spika, sauti haitawanyiki tena chumbani bali inanyooka mbele kama mwanga wa tochi, na msikilizaji aliyeketi pembeni hupoteza sehemu kubwa yake. Kwa spika ya inchi 12 hali hiyo huanza kukaribia 1100 Hz, na kwa ya inchi 8 huanza karibu 1700 Hz. Zaidi ya hapo, karatasi pana haiwezi kwenda na kurudi kwa pamoja katika mitetemo ya haraka. Sehemu yake moja husonga mbele huku nyingine ikirudi nyuma, na sauti inakuwa na ukali usiokuwamo katika rekodi. Twita nayo ina udhaifu wa upande wa pili: koili yake ni ya waya mwembamba sana, na utando wake umeundwa kusogea kwa kiasi kidogo mno, hivyo ikipelekewa besi huungua au huchanika.

Kwa hiyo namba ya krosova ni uamuzi wa mhandisi aliyepima nguvu na udhaifu wa kila spika aliyokuwa nayo mezani, na ndiyo maana maboksi mazuri ya zama zile hutofautiana sana. AR-3a, iliyotoka Marekani mwaka 1967 ikiwa na besi ya inchi 12, iliiondolea besi hiyo kazi mapema kabisa, kwenye 575 Hz, kisha ikaikabidhi twita kazi kwenye 5000 Hz. JBL L100 ya mwaka 1970 ina besi ya inchi 12 vilevile, lakini haina koili kabisa katika njia ya besi: spika hiyo imeachwa ipande hadi inapochoka yenyewe, na kazi ya krosova ni kuzuia tu masafa ya chini yasizifikie spika mbili zilizobaki. Yamaha NS-10M ya mwaka 1978, ambayo ilitengenezwa kwa matumizi ya nyumbani kabla ya kuhamia studio za muziki, ina spika mbili tu na inagawa kazi kwenye 2000 Hz. LS3/5A, boksi dogo lililobuniwa na BBC ya Uingereza miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya utangazaji, hugawa kwenye 3000 Hz. Kwa maoni yangu hili la mwisho ndilo lililotatua vizuri zaidi suala la sauti ya mtu, kwa sababu karibu maneno yote ya msemaji au mwimbaji hubebwa na spika moja, na mpaka unawekwa juu ya mahali ambapo irabu zinaundwa. Hata hivyo sidai kwamba 3000 Hz ni bora kuliko 1500 Hz kwa kila boksi; spika ya LS3/5A ni ndogo, ya milimita 110, na ndiyo iliyoruhusu uamuzi huo. Besi ya inchi 12 ikilazimishwa kufika 3000 Hz haitatoa matokeo yale.

Jambo moja zaidi kuhusu kibati chako. 6000 Hz si ukuta. Katika sehemu hiyo kila spika kati ya mbili zinazopakana hupata nusu ya nguvu, na kutoka hapo moja inapungua taratibu huku nyingine ikiongezeka. Krosova ya kapasita moja tu hupunguza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kila masafa yanaposhuka kwa nusu, na ile ya kapasita pamoja na koili hupunguza desibeli 12. Kwa mpango wa kwanza, twita inayoanza kazi kwenye 6000 Hz bado hupokea moja ya tano ya nguvu kwenye 3000 Hz, jambo ambalo litakuwa na umuhimu katika barua inayofuata.

Ukitaka kujihakikishia, weka kwenye simu programu inayotoa toni moja moja, iunganishe na amplifaya, shusha sauti iwe ya chini kabisa, kisha piga 800 Hz, 3000 Hz na 9000 Hz huku ukisogeza sikio karibu na kila spika. Utasikia kazi ikihama. Usithubutu kufanya hivyo kwa sauti kubwa, kwa kuwa toni isiyokatika huichosha twita kuliko muziki.

*Ndugu Mwandishi, mimi ni fundi wa redio hapa Ngamiani. Mteja aliniletea maboksi mawili yenye spika mbili mbili, omu 8, krosova 5000 Hz, na twita ya boksi moja ilikuwa imekufa. Sikupata ya omu 8, nikaweka ya omu 4. Sauti nyembamba zikawa hafifu, hivyo nikatoa kapasita ya mikrofaradi 4 nikaweka ya 10, na ili maboksi yalingane nikafanya hivyo hivyo kwa boksi la pili ambalo twita yake ilikuwa nzima. Mteja alifurahi. Baada ya harusi moja akanirudia: iliyoungua ni twita ya asili, na ile ngeni ya omu 4 haikudhurika. Nilitarajia kinyume chake. Kosa liko wapi? — Fundi, Ngamiani*

Ndugu fundi, umeeleza kwa ukamilifu kiasi kwamba tunaweza kulipata kosa kwa hesabu bila kuyaona maboksi. Pale ambapo twita imefungiwa kapasita moja tu, krosova hupatikana kwa kuzidisha omu za twita kwa mikrofaradi za kapasita, kisha kugawa 159,155 kwa jibu hilo. Kwa maboksi yako yalivyotoka kiwandani, 8 mara 4 ni 32, na 159,155 kwa 32 ni 4974, ambayo ndiyo 5000 Hz ya kwenye kibati.

Ulipoweka twita ya omu 4 na kuiacha kapasita ile ile, zao lilishuka hadi 16 na krosova ikapanda hadi karibu 10,000 Hz. Spika ya besi ilikuwa bado inaacha kazi kwenye 5000 Hz, kwa hiyo kati ya 5000 na 10,000 palibaki pengo lisilo na mwenyewe. Humo ndimo zinamokaa sehemu kubwa ya s, sh na ch za mwimbaji pamoja na makali ya nyuzi za kanuni, na uhafifu uliousikia ulikuwa wa kweli. Kapasita ya 10 iliishusha krosova ya twita hiyo hadi karibu 3980 Hz, chini kidogo ya ile ya asili. Haikuwa sahihi, lakini haikuwa hatari kubwa.

Boksi la pili ndilo lililoumia. Twita yake ni ya omu 8, na 8 mara 10 ni 80, hivyo krosova yake ilianguka kutoka 5000 Hz hadi 1989 Hz. Tazama maana yake katika nguvu: kwenye 2500 Hz twita hiyo ilikuwa ikipokea moja ya tano tu ya nguvu iliyopo, sasa ikawa inapokea tatu ya tano, yaani mara tatu ya awali, na kwenye 1000 Hz ikawa inapokea takriban mara tano ya awali. Muziki wa harusi una nguvu kubwa sana katika masafa hayo, ambamo sauti za waimbaji, kinanda na magitaa hukutana, na kama amplifaya ilisukumwa hadi mawimbi yakaanza kukatwa vichwa, mzigo uliongezeka tena. Kapasita kubwa huifanya twita isikike kwa nguvu zaidi, na ndiyo sababu mteja alifurahi, lakini nguvu hiyo inatokana na kuifanyisha twita kazi isiyo yake.

Suluhisho ninalolipendelea ni kutafuta twita mbili za omu 8 zinazofanana, hata kama utasubiri, na kurudisha mikrofaradi 4 pande zote mbili. Usipoipata thamani hiyo dukani, funga 3.3 na 0.68 sambamba. Ikiwa utalazimika kutumia twita za omu 4, ziweke katika maboksi yote mawili na uzipe mikrofaradi 8, ambayo unaipata kwa kufunga 4.7 na 3.3 sambamba, ukijua kwamba juu ya 5000 Hz amplifaya itaona mzigo wa omu 4 badala ya 8. Katika hesabu tumia omu iliyoandikwa kwenye twita, si ile unayoisoma kwa mita, kwa kuwa twita ya omu 8 mara nyingi husomeka karibu 6. Tena, hesabu hii ni ya kapasita moja tu. Ukikuta koili imefungwa kati ya nyaya mbili za twita, usiitumie hesabu hii, bali rudisha thamani zilizokuwamo.

*Mwanangu Mwandishi, ninasikiliza rekodi zangu za taarab za Black Star na Lucky Star kwa maboksi yale yale niliyonunuliwa na marehemu mume wangu. Hayajawahi kuungua wala kufunguliwa. Siku hizi maneno hayasikiki vizuri, sauti imefifia kana kwamba imefunikwa blanketi. Nilidhani ni uzee wa masikio yangu, lakini na wajukuu wanasema hivyo. Je, krosova inaweza kuzeeka? — Mama, Pangani*

Shikamoo mama. Krosova huzeeka, naam, na katika mji ulio karibu na bahari kama wako huzeeka upesi. Umefanya vyema kuwashirikisha wajukuu, kwa sababu sikio la mtu mzima hupoteza masafa ya juu kwanza, na wao wamekuondolea shaka hiyo.

Kabla ya kumwita fundi, waombe waangalie nyuma ya maboksi kama kuna vitufe vya kuzungusha vya kuongeza na kupunguza sauti za kati na nyembamba, ambavyo vilikuwa vya kawaida zama zile. Hewa ya chumvi huota kutu juu ya nyaya zilizo ndani ya vitufe hivyo mpaka umeme ukashindwa kupita, na twita nzima kabisa ikaonekana imekufa. Amplifaya ikiwa imezimwa, wavizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi, kisha wasikilize tena. Sauti ikirudi kwa kukwaruza, tatizo ni hilo, na fundi anaweza kuvifungua akavisafisha.

Visipokuwapo, au visiposaidia, ninazishuku kapasita. Nyingi za miaka ile zina kimiminika ndani yake, na kadiri miaka inavyopita hicho hukauka, ukinzani wa ndani huongezeka, na twita hupata nguvu pungufu. Thamani nayo huhama. Ikiwa ya mikrofaradi 4 imebaki na 2, krosova ya twita ya omu 8 inapanda kutoka 5000 hadi karibu 10,000 Hz, na pengo lile lile nililomweleza fundi wa Ngamiani linatokea lenyewe bila mtu kugusa kitu. Mwambie fundi achomoe mguu mmoja wa kapasita kwenye saketi kabla ya kuipima, vinginevyo mita itapima na koili zilizo jirani yake. Atakazoweka ziwe zisizo na upande wa chanya na hasi, au za plastiki ambazo hazina cha kukauka, zenye thamani ile ile iliyoandikwa kwenye za zamani, na abadilishe katika maboksi yote mawili hata kama moja bado linasikika vizuri. Aangalie pia ukingo wa spika ya besi: ikiwa ni wa sponji na unameguka ukiguswa, huo nao utahitaji kubadilishwa, ingawa hauhusiani na maneno kufifia.

*Nimenunua amplifaya mpya ya sinema, na kwenye menyu yake kuna mahali pa kuchagua krosova kati ya 40 Hz na 200 Hz. Maboksi yangu ya zamani yameandikwa krosova 2000 Hz. Nifanyeje zilingane? — Msomaji, Raskazone*

Hazitakiwi kulingana, kwa kuwa ni mipaka miwili tofauti. Ile ya amplifaya inagawa kazi kati ya sabufa na maboksi yako, na ile ya 2000 Hz inagawa kazi ndani ya boksi lenyewe. Kama huna sabufa, iambie amplifaya kwamba maboksi yako ni makubwa, nayo itayapelekea masafa yote. Kama unayo, anzia 80 Hz, na ukisikia besi imekonda mahali zinapokutana, ipandishe kidogo kidogo.

*Nilipofungua boksi la zamani niligundua kwamba nyaya za twita zimefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Boksi la pili ni vivyo hivyo. Nikadhani ni kosa la kiwandani na nikazigeuza zote mbili. Tangu hapo sauti ya mwimbaji inaonekana imerudi nyuma. Je, ni hisia zangu tu? — Msomaji, Makorora*

Si hisia. Kiwanda kikirudia jambo moja katika maboksi yote mawili, mara nyingi kimekusudia. Krosova yenye kapasita na koili kwa kila spika, ile ya desibeli 12, husababisha spika mbili zipishane nusu mzunguko katika masafa ya mpaka: moja inaposukuma hewa, nyingine inaivuta. Zikifungwa kwa mwelekeo mmoja hufutana mahali pale pale zinapotakiwa kushirikiana, na mpaka ukiwa kati ya 2000 na 4000 Hz, ambako sikio la binadamu lina wepesi mkubwa zaidi wa kusikia, mwimbaji ndiye anayepotea. Mhandisi aliigeuza twita ili kufuta upishanaji huo.

Thibitisha hivi: piga toni ya masafa yale yale yaliyoandikwa kwenye kibati, kwa sauti ya chini, ukae mita mbili hivi mbele ya boksi moja, masikio yakiwa usawa wa twita. Sikiliza, zima amplifaya, geuza nyaya za twita, washa tena bila kugusa kitufe cha sauti, kisha sikiliza ukiwa umekaa pale pale. Mwelekeo unaotoa toni yenye nguvu zaidi ndio sahihi. Funga hivyo katika maboksi yote mawili, na uandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye mbao ya ndani kwamba twita imegeuzwa kwa makusudi, ili fundi atakayelifungua baadaye asiirudishe.